Vibaba Thelathini

Anza na mkono, si na mfalme.
Mkono wa mwanamke kwenye miteremko ya Zagrosi,
jina lake halikutufikia, wala halikutumwa,
aliyepita katika nyasi za mwitu
akakuta masuke yote yamekwisha kupukutika
isipokuwa moja, kaidi,
lililokataa kuwaachia watoto wake.
Kwa nyasi huo ni ugonjwa:
mbegu isiyoanguka haioti.
Yeye aliona chakula, akakitia kikapuni.
Mvua zilipokuja, akaupanda ugonjwa ule.

Miaka elfu kadhaa baadaye, huku tambarare
ambako Furati inaburura tope lake kama mgonjwa anayeburura mguu,
Geme-Nanshe amepiga magoti mbele ya jiwe la kusagia.
Jiwe limebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee.
Wanawake thelathini na sita ukumbini,
na hakuna anayeimba;
ukimeza vumbi la unga tangu alfajiri, sauti inageuka uji.

Kila mwezi anapimiwa vibaba thelathini vya shayiri.
Mchimba mfereji hupimiwa sitini.
Aliuliza mara moja, kwa nini?
Karani Ur-Igalima hakuinua uso.
Alichonga ncha ya tete, akadonoa udongo mbichi,
to, to, to, kama kuku uani,
akasema: ndivyo ilivyoandikwa.
Alisahau kwamba mwandishi ni yeye.

Waonyeshe wengine kuta na ngazi za hekalu.
Matofali ni matope yaliyosimama tu.
Mji, nionavyo mimi, ni kibaba kimoja
ambacho aliyekivuna hakukila,
na mtu mwingine akajua kilipowekwa.
Kwetu husema haba na haba hujaza kibaba.
Hawasemi kikishajaa ni cha nani.

Bibi yake Geme-Nanshe alikula ngano utotoni.
Hadi anakufa, kila akipewa mkate wa shayiri
aliunusa kwanza, akanuna, ndipo akala.
Maji waliyaleta wenyewe kwa majembe na kwa migongo,
na maji hayakuja peke yake.
Jua likayanywa, likatema chumvi.
Mwaka kwa mwaka shamba likaota mvi.
Ngano ikasalimu amri. Shayiri ikabaki, fupi, yenye hasira.
Makuhani wakaongeza sadaka,
mfereji ukaongezwa upana,
kibaba hakikuongezwa kitu.

Siku moja Ur-Igalima alikwenda kunywa pombe
akaliacha bamba dirishani, bado bichi.
Geme-Nanshe hakujua kusoma,
lakini udongo aliujua: ni unga wa milima.
Akachukua punje moja, akaiweka ukingoni,
akaibonyeza kwa kidole gumba, akarudi kwenye jiwe lake.
Hakumwambia mtu, hata Nin-Ezem wa jiwe la jirani
aliyemwambia kila kitu.

Punje ikaoza, ikaacha shimo.
Mto ukahama. Ghala likaungua,
na moto ulioteketeza nafaka yote
ukalioka lile bamba likawa gumu kama jino.
Hesabu za Ur-Igalima zimo: wanawake thelathini na sita,
vibaba elfu na themanini,
jumla sahihi, hakukosea.
Na pembeni kishimo cha umbo la punje,
kimezungukwa na mistari ya kidole cha mtu.

Katika lugha yangu, ambayo hakuisikia kamwe,
ukitoa herufi moja kwenye shayiri
kinachobaki ni shairi.
Sidai kwamba lugha ilikusudia.
Nasema tu kwamba nilipofika kwenye kishimo kile
niliacha kuhesabu.

Jioni ile alirudi nyumbani na fungu la makapi ya mbuzi wake.
Mwanawe alikuwa akilia njaa.
Udongo ulikuwa ungali umekauka chini ya ukucha wa kidole gumba,
hakupata nafasi ya kuuosha.
Akakanda mkate hivyo hivyo.